Skrubu Zote Zilikuwa Nzima

Simu iliita saa kumi na moja alfajiri. Mama mwenye nyumba ya Kisongo hakunisalimia, alisema tu, "Fundi, njoo uone paa lako." Nikapanda bodaboda kutoka Sakina kabla hapajapambazuka vizuri. Nilipofika nikakuta upande wa veranda umenyanyuka wote na kulala juu ya upande wa pili, kama ukurasa wa daftari uliofunuliwa na upepo. Kenchi tano, zile fremu za pembetatu zinazobeba paa, zilikuwa zimeng'oka pamoja na papi, fito zinazoshikilia mabati, na mabati yake. Ukuta ulikuwa mzima. Mkanda wa zege unaozunguka juu ya ukuta ulikuwa mzima. Hata ile chaneli ya chuma niliyoilaza juu ya mkanda na kuifunga kwa bolti ilikuwa mahali pake, imenyooka kama siku niliyoiweka.

Anayeijua Kisongo anaujua upepo wake. Ule ni uwanda mtupu. Kutoka uwanja wa ndege kwenda upande wa Monduli huoni cha kuukinga, na ule upepo unaotangulia mvua za kwanza za masika huja na vumbi lake kwa mkupuo mmoja. Usiku ule ulipita juu ya kazi yangu.

Nikaanza kuokota. Nilitegemea kukuta rafta, zile pande za mteremko za kenchi, zimekunjika, sikuona hata moja. Nilitegemea kukuta skrubu zilizokatika shingo, sikuona pia. Skrubu zote zilikuwa nzima. Niliziokota moja moja kwenye mchanga nikizitia kwenye kofia, na nilipoinua moja karibu na jicho niliona kitu ambacho bado nakiona hadi leo. Kwenye nyuzi zake kulikuwa na kipande chembamba cha chuma kinachong'aa, kimejizungusha kama pete. Kipande hicho kilitoka kwenye chaneli. Skrubu ilikuwa imeng'oka kama jino linavyong'oka na nyama yake.

Mama alisimama pembeni, khanga begani. "Si uliniambia chuma hakivunjiki?"

Nilikuwa nimemwambia hivyo kweli, siku tunapatana bei. Na chuma hakikuvunjika. Nilirudi nyumbani na kofia ya skrubu, na gharama za kulirudisha paa nikazibeba mwenyewe. Yote ninayoandika hapa yalianzia kwenye kofia ile.

Nimepaua nyumba Arusha na pembeni yake kwa miaka 19. Miaka 12 ya kwanza ilikuwa mbao tu: paini, saipresi, mkaratusi kwa wenye haraka. Baadaye wateja wakaanza kuulizia kenchi za chuma chepesi, kwa sababu mchwa hawazili, hazipindi zikikauka, na watu wawili wanabeba kenchi nzima begani. Nikajifunza. Nilijifunza kukata, kupanga na kufunga. Sikujifunza kupima. Mbao ilikuwa imenizoesha vibaya: msumari ukiingia kwenye mbao ya nne kwa mbili unazama na kushikwa pande zote kwa urefu wake, na hata ukiupiga kombo kidogo, mbao inakuvumilia. Chuma chepesi hakina nyama hiyo. C ninazotumia, yaani vyuma vilivyokunjwa kwa umbo la C, zina unene wa milimita 0.75. Skrubu ya namba 10, yenye kipenyo cha milimita 4.8, nyuzi zake zimeachana milimita 1.6 hivi. Kwa hiyo bati lile linashikwa na uzi mmoja, tena si mzima. Nilikuwa nimefunga maelfu ya skrubu hizo bila kukaa nikalitafakari jambo hilo hata siku moja.

Nilienda kwa mwalimu wangu wa zamani wa ufundi, mzee aliyestaafu, anaishi Tengeru. Nikamwamkia, nikamwaga skrubu mezani. Aliziangalia kwa muda, akageuza moja kwa kidole, akaniuliza, "Baba, umejenga kenchi ngapi?" Nikamwambia zinapita mia tano. "Na jointi ngapi umezivuta mpaka zikaachia, uone zinaachiaje?" Sikuwa na jibu. Akasema tukae tunywe chai kwanza, halafu nichukue kalamu.

Alichonieleza siku hiyo ni hiki. Chuma hiki kinakunjwa kikiwa baridi, bila moto, kutoka kwenye roli ya bati. Aina inayotumika zaidi kwenye kenchi ni ya nguvu ya 550, yaani nyutoni 550 kwa kila milimita ya mraba, wakati chuma cha kawaida cha kuchomelea ni kama 250. Kwa hiyo chuma cha kipande chenyewe, ile rafta au ile strati ya katikati ya kenchi, kina nguvu zaidi ya mara mbili ya kile tulichozoea, japokuwa ni chembamba kama ganda. Lakini nguvu yote ya kipande lazima ipite kwenye vitundu vichache vya milimita 4.8 ili ifike kwenye kipande kinachofuata. Hapo ndipo pa kuangalia. Akaniambia kwamba wenzetu Marekani walianza kulichunguza jambo hili kwa utaratibu mwaka 1939, chuo kikuu cha Cornell, chini ya profesa aitwaye George Winter, na kanuni za kwanza zikatoka mwaka 1946. Za skrubu zilichelewa sana. Mwaka 1990 profesa mwingine wa Cornell, Teoman Peköz, alikusanya majaribio zaidi ya 3,500 ya maungio ya skrubu kutoka nchi mbalimbali, akatoa hesabu inayotumika hadi sasa.

Majaribio 3,500. Mimi nilikuwa na sifuri.

Mashine ya kuvutia vyuma sina, na siku zile sikujua wa kumwomba. Mwalimu akanichorea wenzo. Nikachukua bomba la mraba la inchi mbili, urefu mita 2, nikalifunga ncha moja kwa bolti kwenye nguzo niliyoichimbia na kuimwagia zege nyuma ya nyumba. Sentimita 20 kutoka kwenye bolti nikaweka kishikio cha sampuli, ambayo huku juu inaning'inia kwenye boriti. Ncha ya mbali, kwenye mita 2, nikatundika ndoo mbili za lita 20, zile za rangi. Mita 2 ukigawa kwa sentimita 20 ni 10, kwa hiyo kila lita moja ya maji unayomimina, ambayo ni kilo 1, inaivuta jointi kwa kilo 10. Chini ya ndoo kuna tairi kuukuu mbili, maana jointi ikiachia bomba linashuka kwa kishindo. Mtu asisimame karibu. Hilo nalisisitiza kwa yeyote atakayejaribu, na macho yawe na miwani.

Kabla ya jointi yoyote tulipima wenzo wenyewe. Niliazima mzani wa digitali wa kuning'iniza, ule wanaopimia magunia, nikauweka mahali pa sampuli. Ndoo zikiwa tupu ukasoma kilo 53: huo ni uzito wa bomba na ndoo. Tukamimina lita 10, ukasoma 152. Lita 20, ukasoma 251. Hesabu ilitaka 153 na 253. Nikatosheka.

Anayetuandikia namba ni binti yangu, yuko kidato cha tatu. Yeye ndiye anayemimina kwa jagi la lita moja, na yeye ndiye aliyetuwekea utaratibu wa kusubiri. Mwanzoni nilikuwa namharakisha. Akaniambia, "Baba, angalia mstari, bado unatembea." Nilikuwa nimechora mstari kwa kalamu nyeusi ukipita kwenye vipande vyote viwili, ili tuone vikihama. Na kweli, baada ya kumimina, mstari uliendelea kuachana kidogo kidogo kwa sekunde nyingi kabla ya kutulia. Tangu hapo, kila lita tunasubiri dakika moja kamili kwa saa ya simu. Kazi ya kuchosha, lakini bila subira hiyo namba zingekuwa za uongo.

Jaribio la kwanza lilikuwa jepesi: vipande viwili vya bati la 0.75 vyenye upana wa milimita 50, vimelaliana, skrubu moja katikati. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba skrubu itakatika. Mpaka lita 10 hakuna kilichoonekana. Kwenye lita 15 hivi kichwa cha skrubu kilianza kuinama. Hakikuteleza, kiliinama, kwa sababu vipande vile havivutani kwenye mstari mmoja: kimoja kiko juu ya kingine, kwa hiyo skrubu inapinduliwa kati yao. Kadiri inavyoinama ndivyo ukingo wa bati unavyojikunja kwenda nje, na tundu linarefuka kuwa yai. Lita 24, skrubu imelala upande. Lita 29, tulisikia mlio mdogo, kisha uzi ukatoka taratibu kwenye bati la chini na ndoo zikakaa kwenye tairi. Tukaitoa skrubu. Nzima, haina hata mkwaruzo.

Tulirudia mara tano. Zote ziliachia kati ya lita 27 na 31, maana yake kilo 323 hadi 363. Mwalimu alikuwa ameshafanya hesabu yake kwenye karatasi na kuikunja mfukoni: unene mara unene mara unene, zidisha kwa kipenyo cha skrubu, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 4.2 na kwa 550. Inatoka nyutoni 3,287, sawa na kilo 335. Alipoikunjua ile karatasi, nilimwangalia binti yangu nikaona ameshika mdomo. Mimi mwenyewe nilinyamaza. Ndoo za rangi za Sakina zilikuwa zimekubaliana na Cornell.

Kumbuka hizo ni kilo za kuachia, si za kubebea mzigo. Kanuni ya Marekani inakutaka ugawe kwa 3 ndipo ujengee, na kwa chuma hiki kigumu kikiwa chembamba vitabu vingi vinaagiza upunguze zaidi, kwa kuwa hakinyumbuki sana kabla ya kuchanika. Kwa hiyo skrubu moja ya namba 10 kwenye 0.75 mimi naihesabia kilo 80 na kidogo. Fundi anayekwambia skrubu moja inabeba kilo mia tatu hajadanganya, ila usilale chini ya paa lake.

Halafu tukaja kwenye unene, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wanaibiwa bila kujua.

Kwenye ile hesabu, unene ndio bwana mkubwa. Nguvu haipandi sawasawa na unene, inapanda kwa kasi zaidi. Ukitoka milimita 0.55 kwenda 0.75, unene umeongezeka kama theluthi moja na kidogo, lakini nguvu ya jointi inaongezeka karibu asilimia 60. Sasa, nilinunua C kwenye duka fulani mjini nikaambiwa ni "pointi nane". Kwa jicho zilifanana na zile za siku zote. Tukazijaribu na zote zikaachia kati ya lita 15 na 18. Binti akadhani tumekosea kuhesabu majagi. Nikachukua maikromita ya mwalimu, kile kifaa cha kupimia unene: 0.59. Na hiyo ilikuwa pamoja na koti lake la zinki na alumini, ambalo kwa bati zuri ni gramu 150 kwa mita ya mraba kwa pande zote mbili, kama milimita 0.04 ukijumlisha. Ili kupata chuma chenyewe tuliloweka kipande kwenye asidi ya hidrokloriki iliyopunguzwa makali kwa maji, ile wanayosafishia vigae, nje kwenye hewa, glavu mkononi. Inachemka mapovu kwa nguvu, na mapovu yakitulia ujue koti limekwisha. Tukasuuza, tukakausha, tukapima tena: 0.55.

Niliyeuziwa ni mimi, na miaka yote nilikuwa siendi dukani na maikromita. Sasa naenda nayo mfukoni kama wengine wanavyobeba simu. Muuzaji mwaminifu hakasiriki ukipima mbele yake.

Jaribio lililofuata lilinigusa zaidi, maana lilikuwa kosa la mkono wangu. Kwenye kenchi, strati inapofika kwenye rafta, nafasi inakuwa finyu. Fundi akitaka kuingiza skrubu ya nne, anaisogeza ukingoni. Nimefanya hivyo mara nyingi nikiamini naongeza nguvu. Kanuni inataka skrubu ikae angalau mara moja na nusu ya kipenyo chake kutoka ukingoni, na mara tatu ya kipenyo kutoka kwa mwenzake. Kwa namba 10 ni kama milimita 7 na milimita 14 na kitu. Tukatengeneza sampuli za 0.75, chuma kizuri, skrubu ikiwa milimita 5 kutoka kwenye ncha. Ziliachia kwenye lita 16, 15 na 17. Na hazikuinama kwanza. Bati lilichanika mbele ya skrubu kama karatasi inavyochanika kwenye tundu la faili, na ndoo zikaanguka bila kutoa taarifa.

Lita 16. Ile ile ya bati la 0.55 lililofungwa vizuri. Milimita 2 za uzembe wa mkono zinakupokonya kila kitu ulicholipia kwenye unene. Siku hiyo niliwaita vijana wangu wawili wa kazi waje waone kwa macho, kwa sababu maneno yangu tu yasingetosha.

Na ile jointi ya Kisongo? Nilikuwa naiahirisha. Nilijua inasubiri.

Kisongo kenchi zilikaa kwenye chaneli ya ukutani, na kila mwisho wa kenchi nilikuwa nimeweka kipande cha L. Mguu mmoja wa L ulifungwa ubavuni mwa taibimu, kile kipande cha chini cha kenchi kinacholala, na mguu wa pili ulilala juu ya chaneli ukiwa na skrubu mbili zilizoshuka wima. Kwa mzigo wa kushuka chini hakuna tatizo lolote: bati, papi, hata watu wawili juu ya paa, vyote vinakandamiza. Upepo unapogeuza mambo, skrubu zile mbili zinavutwa kuelekea juu, kwa mhimili wake, kama unavyong'oa msumari. Tukatengeneza sampuli hiyo hiyo, chaneli ya 0.75, skrubu moja inavutwa wima. Lita 5, kimya. Lita 8, kimya. Hakuna kuinama, hakuna tundu kurefuka. Lita 12, pa! Skrubu ikaruka ikagonga boriti.

Tuliiokota. Kwenye nyuzi zake kulikuwa na ile pete inayong'aa.

Kilo 170 na kidogo. Nusu ya ile ya kuvuta kwa ubavu. Skrubu ile ile, bati lile lile, tofauti ni mwelekeo tu. Mwalimu alisema hesabu yake ni nyepesi kuliko zote: unene mara kipenyo mara 550 mara 0.85, inatoka nyutoni 1,683.

Tukarudi kwenye karatasi kuuliza upepo ulihitaji kiasi gani. Upepo wa mita 30 kwa sekunde, yaani kilomita 108 kwa saa, unasukuma kwa kilo 47 hivi kila mita ya mraba kwa hewa yetu ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Tanga au Dar es Salaam, hewa ni nzito zaidi, ungesukuma kwa kilo 55. Kila mwisho wa kenchi ya Kisongo ulikuwa unashikilia paa la mita 1.2 kwa mita 4. Juu ya bati upepo unanyonya, na chini ya veranda, kwa kuwa iko wazi, unasukuma kwenda juu wakati huo huo. Paa lenyewe, kenchi na bati na papi, ni kilo 12 tu kwa mita ya mraba. Paa la mbao nzito na vigae lingekaa kwa uzito wake. La kwangu lilikuwa linakaa kwa skrubu mbili, tena zikivutwa upande wake dhaifu, tena L ikizibandua kwa kuchochea kama unavyofungua kopo la rangi kwa bisibisi. Nilipoandika namba ya mwisho niliweka kalamu chini. Sikuhitaji upepo wa ajabu. Ulitosha upepo wa Kisongo.

Kuna waliosema: basi chomelea, achana na skrubu. Nimelijaribu hilo pia, na nasema usifanye. Nguvu ya 550 inatokana na kule kubanwa kwa chuma kikiwa baridi. Ukikipiga moto, pembeni ya weldi chuma kinalainika, na sampuli zetu zote mbili zilikatika hapo hapo, kando ya weldi, si kwenye weldi. Koti la zinki linaungua, kutu inapata mlango. Na ule moshi mweupe wa zinki unampa fundi homa na baridi usiku, tunaijua sote. Vijana wanakunywa maziwa wakiamini yanaosha kifua. Maziwa yanaenda tumboni. Kinachosaidia ni kutouvuta moshi.

Jointi za skrubu nne zilizidi uwezo wa ndoo zangu, kwa sababu zingetaka maji ya pipa. Chuo kimoja mjini walinikubalia kutumia mashine yao asubuhi moja, na ninawashukuru sana. Nilienda na hesabu yangu ya shuleni: skrubu moja kilo 335, nne ni 1,340. Mashine ilifika 1,060 jointi ikaachia. Mtaalamu wa maabara, kijana mpole, alinionyesha kwenye kioo jinsi skrubu hazigawani mzigo sawasawa: za mwisho zinabeba zaidi, zinainama kwanza, kisha zinawaachia wenzao. Wamarekani wana hesabu ya hilo pia, na kwayo skrubu nne zinafanya kazi ya tatu. Nane zinafanya kazi ya tano na nusu hivi. Kwa hiyo kujaza skrubu kama mbegu za mtama hakulipi kama unavyodhani, na ukizisongamanisha unarudi kwenye lile tatizo la ukingo.

Nilichobadilisha ni hiki. Mwisho wa kenchi sasa nauvalisha kipande kinachopanda ubavuni mwa taibimu na kushuka ubavuni mwa chaneli, pande zote mbili, ili upepo ukivuta juu skrubu ziwe zinavutwa kwa ubavu. Nne kila upande, zimepimwa kwa kigezo cha bati nilichokitoboa mwenyewe ili hakuna mkono unaokisia. Ukigawa kwa 3 kama kanuni inavyotaka, kila mwisho unabeba kilo mia sita. Hata ukishusha robo kwa ajili ya ugumu wa chuma, bado unapita kile nilichokokotoa cha Kisongo. Na chaneli yenyewe imefungwa kwenye mkanda kwa bolti zilizomwagiwa zege, hiyo haikuwahi kunisumbua.

Tulipomaliza kurudisha veranda ya Kisongo, kabla ya kupandisha mabati, mama alikataa. Alisema maneno alishasikia mara ya kwanza. Nikamwambia, mama, una haki. Jumapili yake nikakodi kirikuu, nikaupakia wenzo, nguzo ya kuufungia, ndoo na tairi, tukaufunga kwenye uwanja wake. Sampuli mbili: moja ya skrubu ya kung'oka wima kama ya zamani, moja ya skrubu ya kuvutwa kwa ubavu. Alitaka amimine yeye. Binti yangu akampa jagi.

Ya kwanza iliruka kwenye lita 11. Mama alishtuka, akarudi nyuma hatua mbili, kisha akaenda mwenyewe kuitafuta skrubu kwenye majani. Aliigeuza geuza. Alimuuliza binti yangu ile pete ni nini, na binti akamweleza vizuri kuliko ambavyo ningemweleza mimi. Ya pili alimimina akihesabu kwa sauti. Alipopita 12 aliniangalia. Kwenye 20 majirani walikuwa wameshajaa uani. Skrubu ilikuwa imeinama, mstari mweusi umeachana, lakini ndoo bado zinaning'inia. Kwenye 28 mkono ulimchoka, akaliweka jagi chini.

"Imelala, lakini haijaachia," akasema.

Ikaachia kwenye 30. Akasema tupandishe mabati, na akataka zile skrubu mbili abaki nazo.

Kinachofuata ni kupima kuvuta na kuachia, kuvuta na kuachia, kama upepo unavyofanya usiku kucha, maana ndoo zangu hadi sasa zinavuta mara moja tu. Tumeanza na lita 10: unapakia, unapakua, unaandika. Binti amefika mara ya 140. Tundu limeanza kulegea, na hatujafika hata nusu ya kilo zinazoivunja kwa mara moja.